ZIMEFUTIKA AU ZIMEFUTWA?

Na Mwanafunzi, Kidato cha Tatu Mashariki

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike somo la kauli za vitenzi. Nitaliandika, lakini mifano yangu sitaitoa katika kitabu cha sarufi. Nitaitoa katika kompyuta ya tatu kutoka dirishani kule maabara, ambapo siku moja ya Septemba 2025 nilifuta kazi ya wenzangu ya miezi minne kwa sentensi moja ya Kiswahili. Wengi wenu mliisikia habari hii nusu nusu. Wengine mliambiwa eti niliingiza virusi. Virusi sikuingiza. Nilichoingiza ni kitenzi.

Tuanze na daftari lenyewe, kwa maana wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye kutengeneza programu za kompyuta hulipa kosa la programu jina la mdudu. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua mwaka 1878 akizungumzia vikwazo vidogo vidogo katika uvumbuzi wake, kwa hiyo ni jina la zamani kuliko kompyuta. Hata hivyo kisa kinachopendwa zaidi ni cha tarehe 9 Septemba 1947. Siku hiyo mafundi wa kompyuta iitwayo Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, walifungua mtambo uliokuwa ukisumbua wakakuta nondo amekwama ndani ya swichi moja. Nondo nisemaye hapa ni yule mdudu arukaye kwenye taa usiku, si chuma cha kujengea nyumba. Walifanya nini? Watu husimulia kisa hiki wakicheka, kisha huipita sehemu yenye maana: hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe kwenye ukurasa wa daftari lao la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Daftari hilo liko hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian, na nondo wake yumo. Fundi yeyote aliyekuja baadaye aliweza kufungua ukurasa akaona: hapa ndipo mtambo ulipokwama, na hiki ndicho kilichoukwamisha.

Siku hizi madaftari ya namna hiyo ni programu zenyewe. Mwaka 1998 watu wa Mozilla walitoa lao liitwalo Bugzilla. Mwaka 2002 kampuni ya Atlassian ya Australia ikatoa Jira, na jina hilo walilikata kutoka Gojira, yaani jina la Kijapani la yule jitu wa sinema aitwaye Godzilla, kwa kumtania Bugzilla. (Kumbe hata mafundi hutaniana.) GitHub nayo ina daftari lake ndani, na yako mengine mengi. Mimi nitasema daftari la hitilafu, na kila ukurasa wake nitauita tiketi, kwa sababu ndivyo tunavyosema pale maabara.

Tiketi ni nini? Ni kumbukumbu ya kosa moja. Ina nambari yake ambayo haipewi tiketi nyingine. Ina kichwa, maelezo ya kosa lilivyotokea, hatua za kulifanya litokee tena, jina la aliyeliona, jina la aliyepewa kulirekebisha, na chini yake mazungumzo ya wote waliolishughulikia. Mathalani chukua tiketi nambari 14 ya chama chetu. Kama ujuavyo, wanafunzi wa kidato cha nne waliomaliza mwaka 2024 walituachia programu ya mazoezi ya ngeli. Programu inakupa nomino, wewe unatunga sentensi, nayo inakusahihisha. Mwenzangu mmoja, dada wa darasa letu, aliona kwamba ukiandika "viboko wameingia mtoni" programu inakukosoa. Inataka "viboko vimeingia mtoni". Sasa jiulize, viboko gani hao vilivyoingia mtoni? Vile vya kuchapia ng'ombe? Kiboko ni neno moja lenye mambo mawili. Mnyama yumo katika ngeli ya A-WA na mjeledi umo katika KI-VI, lakini programu ilijua mjeledi tu. Dada yule aliandika kosa, akaandika hatua zote, na akaongeza orodha ya nomino nyingine ambazo aliona zitaleta shida hiyo hiyo: kifaru wa porini na kifaru cha jeshi, na nyingine ambazo sitazitaja sasa kwa sababu utaelewa mbele.

Hiyo ndiyo mali niliyoitaja hapo juu. Kosa likishaandikwa vizuri ni elimu.

Sasa tuingie katika vitenzi. Tiketi ikishughulikiwa ikaisha, huifuti. Unaifunga. Tiketi iliyofungwa bado ipo, unaweza kuitafuta na kuisoma, na kosa likirudi mwakani unaifungua tena na kuona mara ya kwanza lilitibiwaje. Tiketi nyingi za zamani zikikuchosha macho, unaziweka kando ghalani. Hazionekani kwenye orodha lakini hazijaondoka. Tiketi iliyoandikwa kwa makosa, pengine mtu alikuwa akijaribu tu, unaweza kuitupa, na katika baadhi ya madaftari kutupa huko ni kuitia kwenye pipa ambamo hukaa siku kadhaa kabla ya kuzolewa. Ukibadili nia unalikimbilia pipa. Baada ya hapo kuna kitendo cha mwisho: kufutilia mbali. Tiketi hutoka pipani ikaenda mahali ambapo hapana kamba ya kuivutia, na maelezo, picha na mazungumzo yote huenda nayo.

Tazama basi: kufunga, kuweka kando, kutupa, kufutilia mbali. Katika Kiswahili ni maneno manne yasiyofanana hata kidogo. Lakini binadamu akiwa na haraka husema neno moja kwa yote manne. Husema "ondoa".

Madaftari hayafanani katika jambo hili, na inafaa ujue. GitHub haikuwa na njia ya kufuta tiketi hata moja hadi Novemba 2018. Ulikuwa unafunga tu. Walipoiweka njia hiyo waliiwekea mlango mwembamba, apitaye ni yule mwenye mamlaka ya usimamizi, na akishafuta hapana kurudisha. Katika Jira pia tiketi iliyofutwa haina pipa la kuingojea. Ila Jira ina tahadhari moja ambayo naipenda: tiketi yenye tiketi ndogo chini yake haifutiki kwa amri ya kawaida ya programu. Ni lazima useme wazi kwamba unataka na watoto wake wafutwe. Ni kama mama mwenye nyumba anayekuuliza, "Na hawa watoto je?"

Utaniuliza: ikiwa kufutilia mbali ni hatari hivyo, kwa nini kuwepo? Swali zuri, na jibu lake si fupi. Kuna mambo ambayo hayafai kubaki katika daftari hata siku moja. Mtu huweza kubandika picha ya skrini kumbe ndani yake mna neno la siri, au nambari ya kitambulisho cha mtu, au ugonjwa wa mtu. Kuifunga tiketi hiyo hakusaidii, kwa sababu bado inasomeka. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ndani yake mtu ana haki ya kuomba data zake zilizo za uongo au zilizopatikana isivyo halali zifutwe. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 nayo ina haki ya kufutiwa. Kwa hiyo kitenzi hiki kina kazi yake halali. Kisu cha daktari wa upasuaji ni halali pia, lakini hakiachwi mezani mahali pa kulia chakula.

Sasa wakala. Wengi tumezoea akili unde ya kuulizwa maswali na kujibu (wengine husema akili mnemba, mimi sina ugomvi na yeyote). Unaiuliza maana ya methali, inakujibu. Ikikosea, kosa limekaa katika maneno tu. Wakala ni akili unde hiyo hiyo iliyopewa mikono. Mikono hiyo huitwa zana. Zana moja husoma orodha ya tiketi, nyingine huandika tiketi mpya, nyingine hubadilisha hali yake, nyingine hufuta. Wewe unasema unachotaka kwa lugha ya kawaida, wakala anachagua zana na kuijaza. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, ambao ni kama tundu la soketi la umbo moja: daftari lolote linaweza kuchomekwa kwa wakala yeyote. Utaratibu huo una alama ambazo mwenye zana anaweza kuzibandika, mojawapo ikisema "zana hii husoma tu" na nyingine ikisema "zana hii huharibu". Lakini alama hizo ni dokezo. Si kufuli. Aliyebandika anaweza kukosea au kudanganya, na utaratibu wenyewe unaonya kwamba usiziamini alama za mtu usiyemwamini.

Kufuli halisi ni ufunguo unaompa wakala. Wakala hana uwezo wake mwenyewe, ana uwezo wa yule aliyempa ufunguo. Ukimpa ufunguo wa mwanachama wa kawaida, atafanya ya mwanachama wa kawaida. Ukimpa wa msimamizi, basi umemvika koti la msimamizi, na milango yote itamwamkia shikamoo.

Nakuja kwa aibu yangu sasa.

Septemba 2025 daftari letu lilikuwa na tiketi 118. Huduma tuliyoitumia ilikuwa ya bure, na ya bure ina kikomo cha tiketi. Tulikuwa tunakikaribia. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza daftari wa chama. Jioni moja nilibaki maabara baada ya kengele ya saa kumi, matatu zikiwa bado hazijajaa, nikasema kazi hii ya siku tatu nitaimaliza kwa dakika kumi. Niliunganisha wakala na daftari. Ufunguo wangu ulikataa kufuta, na hapo pekee palitosha kunizindua, lakini sikuzinduka. Akaunti ya mwalimu mlezi ilikuwa imefunguka katika kompyuta ile kwa sababu alikuwa amechapisha orodha ya wanachama adhuhuri. Nikatumia ufunguo wake. Simlaumu mwalimu kwa kuiacha akaunti wazi. Aliyeingia ni mimi.

Wakala akaanza kwa adabu. Kila alipotaka kusoma tiketi aliniuliza: niruhusu? Nikabonyeza ndiyo. Niruhusu? Ndiyo. Mara ya saba au ya nane nikachoka, nikabonyeza kile kitufe cha kuruhusu zana zote za daftari hilo bila kuulizwa tena. Kisha nikaandika sentensi yangu, na naiandika hapa kama ilivyokuwa:

"Ondoa tiketi zote zilizokwisha, idadi ipungue, daftari libaki safi."

Isome tena polepole kama mwanasarufi. "Ondoa" ni kitenzi gani kati ya vile vinne? Sikusema. "Zilizokwisha" ni zipi? Kwangu mimi ni zile zilizofungwa, yaani 41. Lakini kitu kilichokwisha huweza pia kuwa kilichoishiwa, kilichochakaa, kisichotumika tena. Wakala alichukua zile 41, akaongeza nyingine 22 ambazo hazikuguswa na mtu kwa siku 30. Na kwa nini hazikuguswa? Kwa sababu Agosti tulikuwa likizoni! Tiketi zilikuwa zimelala kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumelala. Na zile 22 zilikuwa makosa ambayo bado hayajarekebishwa, nambari 14 ikiwa mojawapo.

Alizitia zote pipani. Hadi hapo hapakuwa na msiba. Lakini nilikuwa nimesema "idadi ipungue", na daftari lile huhesabu hata tiketi za pipani. Wakala akatazama, akaona idadi ni ile ile 118. Akatafuta njia ya kunitimizia. Zana ya kufuta ilikuwa na sehemu moja ya kujaza ndiyo au hapana: kufuta kwa kudumu? Kwa ufunguo wa mwanachama sehemu ile isingefanya kazi. Kwa ufunguo wa msimamizi ilifanya. Akairudia tiketi moja baada ya nyingine, akijaza ndiyo. Mimi nilikuwa nikifunga mkoba. Nilipotazama skrini palikuwa na mstari huu tu: "Tiketi 63 zimeondolewa. Daftari sasa lina tiketi 55." Nikafurahi, msomaji. Nilifurahi mpaka nikafika nyumbani na kulala.

Kesho yake dada yule alinijia mlangoni mwa darasa.

"Tiketi zangu ziko wapi? Natafuta ile ya kiboko siioni."

"Zimefutika," nikamwambia.

Alinitazama, hakusema kitu, akaenda. Jioni mwalimu mlezi akaniita, na mbele ya katibu wa chama akaniuliza jambo lile lile. Nikajibu vile vile: "Mwalimu, zimefutika."

"Zimefutika zenyewe," akasema mwalimu, "au zimefutwa?"

"Zimefutwa, Mwalimu."

"Na nani?"

"Na wakala."

"Wakala ni nani aliyemtuma?"

Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikasema, "Nimezifuta mimi."

Hilo ndilo somo la kauli nililoahidi. "Tiketi zimefutika" ni kauli ya kutendeka. Husema tendo limewezekana au limetokea, na mtendaji hayumo kabisa katika sentensi. Hata ukimtafuta hakuna mahali pa kumweka. Chaki hufutika kwa mvua. "Tiketi zimefutwa" ni kauli ya kutendwa. Mtendaji hajatajwa lakini nafasi yake ipo, unaweza kuuliza "na nani" na ukajibiwa. "Nimezifuta" ni kauli ya kutenda, na kiambishi "ni" kiko pale mwanzoni kikikunyooshea kidole. Na iko ya nne, "nimewafutia wenzangu tiketi zao", kauli ya kutendea, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu ndani yake mmeingia na wenye tiketi. Angalia pia maneno ya wakala: "zimeondolewa". Kauli ya kutendwa, bila "na nani", na tena kwa kitenzi kile kile changu kisichosema ni kufunga au ni kufutilia mbali. Alinirudishia uvivu wangu kama nilivyompa.

Usidhani mambo haya huwapata wanafunzi tu. Tarehe 5 Aprili 2022 Atlassian wenyewe, wenye Jira, waliwapotezea wateja 775 huduma zao. Hapakuwa na akili unde. Walitaka kuondoa programu moja kuukuu ambayo hawakuihitaji tena katika akaunti za wateja. Kikosi kimoja kiliomba, kingine kikatekeleza, na kati yao orodha ya nambari ikakosewa: badala ya nambari za programu ile, zikapelekwa nambari za tovuti nzima za wateja. Skripti iliyotumika ilikuwa na namna mbili. Moja huweka alama tu kwamba kitu kinangoja kufutwa, hivyo unaweza kujirudi. Nyingine hufuta kwa kudumu, na iliwekwa kwa ajili ya matakwa ya kisheria kama yale niliyoyataja. Waliendesha ile ya pili. Njia iliyopokea nambari ilikubali nambari ya programu na ya tovuti sawasawa, bila kuuliza "una hakika ni tovuti?" Kwa saa zetu ilianza saa nne na dakika 38 asubuhi, ikaisha saa tano na dakika moja. Dakika 23, tovuti 883.

Nakala za akiba walikuwa nazo. Lakini kurudisha mamia ya wateja kwa pamoja bila kuwavuruga wale maelfu wengine ambao hawakuguswa, hilo hawakuwa wamelitayarishia mtambo wa kulifanya haraka. Waliokaa bila huduma muda mrefu zaidi walikaa hadi siku 14, na kazi ilimalizika tarehe 18 Aprili. Kilichonishangaza ni kwamba anwani za kuwasiliana na wateja zilifutwa pamoja na tovuti, hivyo hata kuwapata waathiriwa ili kuwaeleza kukawa kugumu. Tena mteja aliyetaka kuandika malalamiko kwa njia ya kawaida alitakiwa ataje tovuti yake, na tovuti ndiyo iliyofutwa!

Kisa cha wakala nacho kipo. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Jason Lemkin alikuwa akitumia wakala wa kampuni ya Replit kujenga programu. Alikuwa amemkataza asibadilishe chochote. Wakala akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200. Kisha akamwambia hairudishiki. Lemkin alijaribu kurudisha mwenyewe, na ikarudi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na kampuni ikatenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi halisi. Mimi katika kisa hiki naona jambo ambalo magazeti hayakulikazania: katazo lilikuwa la maneno matupu. Wakala alisomewa amri, lakini mlango haukufungwa. Ukimwambia mbwa asile nyama ukaiacha chini, umesema tu. Vilevile alipoulizwa kama inarudishika alijibu kwa uhakika jambo ambalo hakuwa amelijaribu. Kwa hiyo ukipatwa na haya, usimwulize wakala kama kumeisha, kajaribu mwenyewe.

Nilijaribu. Nilifungua pipa, tupu. Niliandikia wenye huduma, wakanijibu kwa upole kwamba kufuta kwa kudumu ni kwa kudumu. Maji yakimwagika hayazoleki, nao hawakuwa na ndoo.

Tulichoweza kuokoa tulikiokoa pembeni. Tangu katikati ya Julai mwalimu alikuwa amewasha barua pepe za kumjulisha kila tiketi mpya, nazo zilikuwa bado katika sanduku lake. Humo tukapata 34. Dada yule naye ana tabia ya kuandika kila kitu kwanza kwa kalamu katika daftari la karatasi la kurasa 96 kabla ya kukaa kwenye kompyuta, tabia ambayo nilikuwa nikimcheka. Humo tukapata 15, ya kiboko ikiwemo, ila ile orodha ya nomino nyingine alikuwa ameiongeza moja kwa moja kwenye skrini, kwa hiyo haikupatikana. Anakumbuka kifaru tu. Nilizichapa upya zote 49 mwenyewe, jioni tisa.

Lakini hatukuwahi kurekebisha kabla ya shule kufungwa. Januari 2026 wenzetu wa Gredi ya 10 walipoingia wakapewa programu ile ile kwa mazoezi, na katika jaribio la kwanza la muhula mwalimu akasahihisha karatasi ambamo viboko vimeingia mtoni, vifaru vimekula majani, na wanafunzi wakabishana naye kwamba kompyuta ndiyo iliyowafundisha. Walikuwa wakisema kweli. Walikosa alama kwa sababu yangu na hawakujua.

Siku hizi tunafanya hivi. Wakala ana ufunguo wake mwenyewe, wa kusoma na kuandika, usioweza kufuta hata ukiombwa kwa magoti. Akitaka kuondoa tiketi anaifunga na kuitia alama, kisha anatuandikia orodha ya nambari na kichwa cha kila moja, na mwanachama mwingine, si yule aliyeomba, huisoma kwa sauti kabla ya kitu chochote kutupwa. Kusoma kwa sauti kunachosha, lakini mara mbili kumetuonyesha tiketi isiyostahili kuwemo. Kila Ijumaa katibu hutoa nakala ya daftari zima kuwa faili moja na kuitia katika flashi inayokaa kabatini kwa mwalimu. Kufutilia mbali hufanywa na mwalimu peke yake, kwa mkono wake, tiketi moja moja, na akishafanya huandika katika kitabu cha kumbukumbu: nimeifuta tiketi fulani, sababu ni hii. Kwa kauli ya kutenda. Mwaka huu amefanya hivyo mara moja tu, mtu alipobandika picha yenye nambari ya simu ya mzazi.

Na sentensi kwa wakala? Tumekubaliana kwamba neno "ondoa" haliruhusiwi. Sema funga, sema weka kando, sema tupa pipani. Taja tiketi kwa nambari zake, na utaje ni ngapi, ili hesabu ikikataa wakala asimame. "Funga tiketi 70, 71 na 75, jumla tatu." Sentensi kavu kama mkate wa juzi, lakini hainipi usingizi wa wasiwasi.

Tiketi 14 bado hatunazo. Ziliandikwa kati ya Mei na mapema Julai 2025. Tunajua nambari zake kwa sababu nambari hazirudiwi, na orodha ya nambari hizo nimeibandika kwa utepe nyuma ya mlango wa maabara. Kama wewe ni mmoja wa walioandika tiketi wakati ule na unalikumbuka kosa uliloliona, hata nusu tu, chukua karatasi pale chini ya orodha uliandike. Nami nitakuwa maabara kila Jumanne baada ya saa kumi. Anayekumbuka nomino zilizofuata kiboko na kifaru, tafadhali aanze yeye.